Ulivukia Wapi

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika kama saa nne, halafu ikarudi polepole bila upepo. Ziwa halionekani leo. Kule liliko ni weupe tu.

Rehema amerudi na kazi ya shule. Mwalimu wake wa Kiswahili amewataka wachague filamu moja na riwaya moja, waeleze jinsi ujasiri na kunusurika vinavyojitokeza katika zote mbili. Alinisomea swali lote akiwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika kwenye sketi, kisha akaniuliza, "Mama, enzi zenu mlikuwa mnasoma riwaya?" Nikamwambia tulikuwa na moja. Akacheka. "Moja tu?" Moja, nikasema, na filamu moja. Baadaye niliona nyingine, lakini hiyo ndiyo iliyonikaa.

Nikamsimulia zote mbili, ile filamu na kile kitabu, naye akaandika haraka haraka akiwa ameegemeza daftari kwenye goti. Alipomaliza akanisomea: "Katika kazi zote mbili, ujasiri ndio unaomwokoa mhusika." Sikumsahihisha. Mimi niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuchechemea, sasa nitamsahihisha vipi mtu wa kidato cha tatu? Lakini alipoondoka mchana kwenda kwa rafiki yake nilishindwa kutulia. Usiku huu nimechukua daftari langu. Sina hakika kama ninayoyakumbuka ndiyo yaliyotokea, mengine huenda alinisimulia dada yangu Zena nami nikayafanya yangu. Nitajaribu tu kutomwonea mtu.

Tulikuwa tunakaa Ujiji, katika ile miaka ambayo sisi wa umri huu tunaiita miaka ya wakimbizi. Watu walikuja kwa milima na kwa ziwa. Shule yetu ililaza watu madarasani, na tuliporudi kusoma kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa kuni mbichi, moshi ule unaokaa kwenye koo. Mpaka leo nikiusikia naona ubao wetu na hesabu zilizofutwa nusu. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi. Neno mkimbizi nililielewa kwa namna yangu: nilidhani ni mtu mwenye mbio, kwamba hao ni watu waliochaguliwa huko kwao kwa sababu wanakimbia vizuri. Nilikuwa nawatazama miguu.

Kwa hiyo Mama alipomleta Kaneza, msichana wa rika langu, kitu cha kwanza nilichomwambia ni tushindane mpaka kwenye mwembe wa msikitini na kurudi. Tulikimbia. Nusu ya njia akakaa chini, akashika tumbo. Nikarudi nyumbani nikamwambia Zena, "Huyu si mkimbizi wa kweli." Zena, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na akili zake zote, alinipiga kofi la kisogo, wala hakunieleza kwa nini.

Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa. Kila asubuhi alikwenda Kibirizi kupokea mitumbwi, na huko ndiko alikomwona Kaneza, amekaa siku mbili pembeni ya magunia ya watu, hatoki. Walikuwa wamepakiwa mitumbwi miwili kutoka kaskazini. Yeye aliwekwa kwenye wa kwanza, mama yake na mdogo wake wakaachwa kwa ajili ya wa pili. Wa kwanza ulifika. Watu walioshuka naye walipandishwa lori kwenda kambini siku ileile, lakini yeye alijificha, kwa sababu mama yake alimwambia jambo moja tu, amngoje pale mtumbwi utakapofika. Kambi ilikuwa mbali, kule bara, porini. Ukienda kambini ziwa hulioni.

Mama akamwambia watamngoja pamoja. Hilo namhesabia Mama, na nataka liandikwe kabla ya mengine. Alikuwa na watoto wanne, mume wake alivuka kwenda ng'ambo na biashara ya sabuni, vita ikamfungia huko, na bado akamshika mkono mtoto asiyemjua akaja naye nyumbani. Majirani aliwaambia ni mtoto wa dada yake wa Mwamgongo, kijiji cha Waha kule kaskazini mwa ziwa, upande wetu wa mpaka. Kila asubuhi walikwenda pamoja Kibirizi. Kaneza alisimama kwenye maji mpaka magotini akitazama kila mtumbwi unaotoka kaskazini, kisha akarudi kumsaidia Mama kubeba.

Niseme na hili, ingawa halinipendezi. Nilikuwa na wivu. Sisi ni Wamanyema, watu wa asili ya ng'ambo, Kongo, nyumbani tulisema Kiswahili tu. Lakini Mama, kwa kuuza sokoni miaka yote, alijua Kiha, lugha ya wenyeji, na Kiha na Kirundi cha akina Kaneza ni kama mtu na mdogo wake. Jioni alikaa na Kaneza jikoni wakaongea hicho cha kwao, taratibu, Mama akicheka cheko ambalo sisi hatukulipata. Nilikuwa naingia na kuuliza, "Mnasema nini?" Mama anajibu, "Tunasema moto hauwaki."

Filamu tuliiona Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, katika banda la video nyuma ya duka, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jenereta linanguruma nje na harufu ya petroli inaingia mpaka unaionja. Lugha ya filamu hatukuijua. Alikuwepo kaka mmoja tuliyemwita Tafsiri, anasimama pembeni ya televisheni na fimbo na kutuambia kinachosemwa, au anachodhani kinasemwa.

Ilikuwa hadithi ya mji ulioungua huko milimani, na mtu mmoja mwenye punda aliyewaongoza watu kuvuka mlima. Mlima wote ulikuwa umefunikwa kitu cheupe. Tafsiri alisema ni barafu. Sisi hatukumwamini. Tulikubaliana nyuma kwamba ni unga wa muhogo, nchi tajiri sana, na tulishangaa kwa nini watu wale wanalia njaa huku wanaukanyaga. Walikuwa wengi mwanzoni. Kisha wakawa wanapungua. Kila mmoja akianguka, mwenye punda anageuka, anatazama, anaendelea.

"Sasa huyu atakufa," alisema mtoto mmoja mbele.

"Nani? Steringi?" akajibu Tafsiri bila kugeuka. "We umeona wapi? Steringi hafi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Katika kila filamu yupo steringi mmoja, na steringi hafi. Ukishamtambua unatulia, unaweza hata kula karanga. Kaneza hakuijua. Alinivuta gauni.

"Yule mama wa kitambaa chekundu yuko wapi?"

"Alianguka."

"Nani amerudi kumtazama?"

"Arudi nani? Filamu inaenda mbele."

"Na mtoto wake?"

"Nyie huko nyuma," Tafsiri akapiga fimbo ukutani, "nyamazeni, steringi anawaza."

Mwenye punda alifika. Alifika peke yake na punda mmoja, ndevu zimejaa unga, na watu wa mji wa pili wakatoka kumpokea. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Kaneza hakupiga. Nje, kwenye jua, alikuwa bado anahesabu kwa vidole watu wa pembeni, yule wa kitambaa, yule mzee wa kinanda, mapacha. Nilimwona mshamba. Nikamwambia hao si watu wa filamu, ni wa kujazia tu.

Kitabu kilikuwa cha Zena. Alikiokoa kwa muuza karanga, mama mmoja aliyekuwa anachana kurasa kufungia, na kilipofika kwetu hakikuwa na jalada wala mwisho. Jina lake sikulijua, sijui hata nani alikiandika, naomba radhi kwake. Zena alitusomea alasiri tukiwa tumekaa kwenye jamvi, nasi tunachambua dagaa, na wadogo zetu wawili wamelala kati yetu. Kilihusu kijiji kilichovamiwa na watekaji. Watekaji wanamtaka mtoto wa chifu, wakimkosa wanachoma nyumba zote. Watu wanatazama chini. Msichana mmoja anaitwa Tatu, si mtoto wa chifu, ni mtoto wa mfinyanzi, anatoka mbele anasema, "Ni mimi." Wanamfunga, wanamtia mtumbwini. Ukurasa wa mwisho tuliokuwa nao, Tatu anatazama kamba mikononi mwake. Halafu basi, kurasa nyingine zimekwenda na karanga.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Aliponyoka," alisema Zena. "Aliruka majini akaogelea."

"Umejuaje?"

"Wewe nawe. Steringi hafi."

Tulirudia kusoma pale pa "Ni mimi" labda mara kumi. Nilikuwa nasimama kwenye jamvi na kulisema, kidevu juu. Kaneza naye alilisema, kwa lafudhi yake, tukamcheka, naye akacheka. Kiswahili chake kilikuwa kinakua wakati ule, lakini kwa kurukaruka kama kuku aliyefungwa mguu.

Kisha zikaja habari za watu wa orodha. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokaa nje ya kambi. Kusema haki, watu walikuwa wengi mno, na walikuwapo miongoni mwao waliofanya mabaya, na serikali ilitaka kujua nani ni nani. Sisi watoto tulijua tu kwamba wakikukuta na mtu wanamchukua. Mama akaanza kumfundisha Kaneza huku wanageuza dagaa.

"Ukiulizwa, unasema nini?"

"Nazaliwa Mwamgongo."

"Nimezaliwa. Nimezaliwa Mwamgongo. Mama yako nani?"

"Dada wa wewe."

"Dada yako, mama. Hapana, usiniite mama, niite mama mdogo. Ee Mungu. Tuanze."

Kilipomshinda Kiswahili Mama alihamia Kiha, akamweleza tena kwa Kiha, na mimi nikaondoka kwenda kukojoa kwa hasira.

Walikuja asubuhi ya jua kali, wakaacha lori barabarani. Walikuwa wawili, mmoja na faili, mwingine na bunduki aliyoilaza mlangoni ili asitutishe, nilimwona akiilaza. Mjumbe wetu hakuwepo, alikuwa msibani Kasingirima. Yule wa faili alikuwa mtu wa pwani ya kusini, Kiswahili chake laini, kinateleza. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba" kwa kila mmoja wetu peke yake. Akaomba maji, akanywa, akashukuru. Sikumbuki baya lolote alilofanya, na nimejaribu kukumbuka.

Alianza na Mama. Jina? Umezaliwa wapi? Hapahapa Ujiji, alisema Mama.

"Na baba yako?"

"Alitoka ng'ambo, baba. Zamani sana, kabla ya uhuru."

"Una karatasi yoyote?"

"Karatasi gani? Tulikuwa tunaishi tu."

Akaandika. Alichukua muda kuandika, na Mama alitazama kalamu yake jinsi anavyotazama mawingu ziwa likichafuka. "Hilo tutalirudia," alisema yule bwana. Kisha akatuuliza sisi majina, mmoja mmoja. Mimi nilijibu nikiwa nyuma ya tenga, kwa sababu miguu yangu ilikataa kutoka. Mimi niliyekuwa nasema "Ni mimi" kwenye jamvi.

"Na huyu?"

"Wa dada yangu," alisema Mama, "wa Mwamgongo."

"Mwache aseme mwenyewe." Akainama mpaka uso wake ukalingana na wa Kaneza. "Haya binti. Wewe ulivukia wapi?"

Nilidhani atalia. Badala yake uso wake ukafunguka, kama mwanafunzi aliyeona kwenye mtihani swali alilolisoma jana. Akanyanyua kidevu.

"Nilivukia Mwamgongo."

Akamgeukia Mama, akatabasamu kidogo.

Kalamu ilisimama. Yule bwana alirudia, "Mwamgongo," kisha akasema, "Umefanya vizuri kusema kweli." Mama alifungua mdomo. Nakumbuka meno yake ya chini yalivyoonekana. Kisha akaufunga.

Na mimi nyuma ya tenga moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilielewa yote, hivyo nilidhani. Kaneza amejitoa. Ameulizwa alikovuka ziwa, akakubali kwamba alivuka, mbele ya bunduki, ili sisi tusichomewe nyumba. Ametoka mbele kama Tatu. Nami niliyemcheka kwenye mbio, nilimwonea fahari iliyonijaa mpaka masikioni.

Walimpa muda. Mama alimnywesha uji, akamfungia kanga, sabuni na ndala zangu. Kaneza alimuuliza kitu kwa Kirundi, akauliza tena, na tena, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na Mama alijibu kwa Kiswahili tu, neno moja moja. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alipofika kona alianza kutembea kinyumenyume, akitutazama, mpaka yule wa bunduki akamshika bega kwa upole amgeuze asijikwae.

Jioni ile niliwasimulia watoto wa mtaa wote. Niliigiza. Nilipofika "Nilivukia Mwamgongo" niliacha kidogo, kama Tafsiri anavyoacha kabla ya steringi kupiga. Wakaniuliza, "Sasa atafanyaje huko?" Nikasema atatoroka.

Mvua zilipokuwa katikati, Mama alipata lifti ya lori la mkaa akaenda kambini kumtazama, na fundo la kanga na dagaa wakavu. Alirudi siku ya tatu, fundo halijafunguliwa. Zena akamuuliza amemkuta? Mama akasema, "Hayupo." Akaenda kuifua ile kanga, safi vile vile ilivyokuwa, akaifua kwa muda mrefu.

Hayupo. Nililisikia neno hilo kwa masikio ya banda la video. Hayupo, basi katoroka. Asubuhi nilikwenda na Mama Kibirizi bila kuitwa, nikasimama kwenye maji mpaka magotini, nikatazama wasichana wote walioshuka na waliopanda. Mmoja nilimpungia mkono kwa nguvu, akashangaa. Nilikwenda hivyo siku nyingi. Mama hakunikataza wala hakuniambia. Ni Zena aliyeniambia, miaka kama minne baadaye, kwamba mwaka ule kambini ugonjwa wa tumbo ulichukua watu, watoto hasa, na kwamba mwenye daftari alimwonyesha Mama jina na alama ya kalamu pembeni yake. Mama yake Kaneza hatukumsikia kamwe. Mtumbwi wa pili sijui kama ulifika.

Nililia, lakini bado nilikuwa na ile fahari. Nilikuwa nimebadilisha sheria tu, nikasema hata steringi anaweza kufa, lakini anakufa kwa kujitoa. Niliibeba hadithi hiyo nikakua nayo. Nilimsimulia mume wangu kabla hajanioa.

Nilipoolewa tukahamia hapa Katubuka, kati ya Waha. Mwaka wa kwanza mkamwana wa jirani yetu alishikwa na uchungu mchana, gari likachelewa, nami nikaitwa kuchemsha maji. Nilikuwa naingia na beseni, bibi mmoja akatoka chumbani anafuta mikono, akasema, "Yavutse," nami nikalisikia kama kavuka.

"Nani kavuka?" nikauliza. "Kaenda wapi?"

Walicheka wote, mpaka yule mzazi ndani nilimsikia akicheka kwa maumivu. "Huyu Mmanyema atatuua," alisema bibi. "Kavuka mtoto. Katoka tumboni kaja huku. Kuvuka ni kuzaliwa, mwanangu."

"Kwa Kiha?"

"Kiha, Kirundi, hapo ni mamoja."

Niliweka beseni chini, maji yakamwagika. Waliendelea kunitania, nami nilitabasamu nao, nakumbuka mashavu yalivyouma kwa kutabasamu. Kimawazo nilikuwa nimesimama uani kwetu Ujiji. Wewe ulivukia wapi. Yeye aliulizwa amezaliwa wapi. Ndivyo alivyosikia, na jibu hilo ndilo alilofundishwa kila siku juu ya dagaa, akalitoa sawasawa, bila kosa, na akamgeukia mwalimu wake apongezwe. Uongo wake aliusema vizuri mno, na kwa Kiswahili ukawa ukweli. Hakujitoa kwa ajili yetu. Alikuwa anajaribu kubaki, karibu na maji.

Nataka kuwa wa haki hata kwa hili. Alikaa nasi miezi kama sita. Tulivuka barabara pamoja kila siku, Zena akitupigia kelele, "Vuka, vuka, gari hilo." Inawezekana kufikia siku ile alishaijua kuvuka ya Kiswahili. Inawezekana alichoka kungoja. Nimelipima hili mara nyingi, na kila mara namwona uso wake ulivyofunguka, nalirudisha pale lilipokuwa.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, lililofika nikiwa bado nafuta maji yaliyomwagika. Mama alijua Kiha. Angeweza kusema, bwana, hilo kwa lugha ya huku ni kuzaliwa, muulize Muha yeyote. Hata mtoto wa Mwamgongo kweli angejibu vilevile. Sentensi moja.

Toka siku ile sikumuuliza. Tumemzika Zena pamoja, amekuja kukaa nami, nimemkata kucha, sikumuuliza. Nilifikiri labda hakusikia vizuri. Nilifikiri labda sikuona sawa mdomo ule ukifunguka. Nilikuwa mtoto nyuma ya tenga, mtu asiyeweza kutoka hana haki ya kumuuliza mwingine. Filamu ile na kitabu kile vilinifundisha kwamba jasiri ndiye anayepona, na anayepona ndiye jasiri, ndivyo alivyoandika Rehema na atapata alama zake. Mimi nimepona. Wadogo zangu wamepona, mmoja ana duka Mwanga. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema kitu siku ile.

Leo, Rehema alipoondoka, nilikwenda uani barazani. Mama alikuwa anachambua mchicha, macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vinaona. Mvua ilikuwa imetulia. Nikakaa, nikachukua fungu langu, tukachambua. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya watu wa orodha. Kaneza aliposema kavukia Mwamgongo. Ulielewa alichomaanisha?"

Hakuniuliza Kaneza gani.

"Nilielewa," alisema.

Tukachambua. Alitupa bua moja, akatupa la pili.

"Alikuwa ameshaandika kwamba baba yangu alitoka ng'ambo," alisema. "Ningemwambia najua lugha yao, angeniuliza nimeijulia wapi. Lori lilikuwa pale barabarani." Akapapasa sinia kutafuta majani mengine, nikamsogezea. "Nyie mlikuwa wanne."

Nilitaka kusema nimeelewa, na kweli nimeelewa, lakini nikachukua fungu jingine la mchicha. Akakung'uta kanga yake, akasema, "Lete sufuria. Giza linaingia, na huyo mtoto wako atarudi na njaa."

Jioni tumekula ugali wa muhogo, mchicha wa mawese, na migebuka wawili wadogo wa kuchoma. Kichwa kikubwa tumempa Mama, ndicho anachopenda. Amekila chote, akanyonya na mifupa, akaomba ugali kidogo tena nikampa.